Siku Spika ya Kliniki Ilipomwita Mama Mkwe

Watu wangu, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya umati wa wagonjwa, na aliyenitangaza ni mashine niliyoiunganisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Nitasimulia kwa mpangilio, kwa sababu nikiruka sehemu mtasema nimepunguza. (Nitapunguza kidogo. Mimi pia ni binadamu.)

Mambo yalianza Jumapili. Wengi mnanijua, lakini kwa wasionijua: naitwa Mwende, mama yake Ciru, naishi mtaa wa Umoja, na kazi yangu ni kuunganisha kompyuta za ofisi ndogo ndogo ziweze kuongea. Jumapili mama mkwe alikuja kwetu baada ya kanisa, kama kawaida yake. Akala, akashiba, kisha akaanza. Chapati zilikuwa ngumu. Pazia lilikuwa la rangi ya hospitali. Na mbele ya mawifi zangu aliokuja nao akasema, "Mama Ciru siku hizi anapanda ngazi na kushika waya kama fundi wa stima. Sijui huyu mtoto anakula saa ngapi."

Ciru alikuwa amekaa hapo anakula paja la kuku la pili.

Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kumjibu. Nilitabasamu, nikakusanya vyombo, nikavigonga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Walipoondoka nikafungua laptop. Nilikuwa na kazi kwenye kliniki ya kanisa hapa karibu, na nilitaka kuijaribu nyumbani kwanza. Kliniki ina programu ya foleni: mgonjwa akifika zamu yake, jina lake linatokea kwenye televisheni ya ukumbi wa kusubiria, na spika inamwita aende chumba fulani. Kompyuta inayoendesha programu hiyo inaitwa "foleni". Basi na mimi, ili majaribio yangu yafanane na hali halisi, nikaipa laptop yangu jina hilo hilo. Foleni. Nikaweka nakala ya programu. Ikaniomba wagonjwa wa kubuni. Majina matano, na kila mmoja na tatizo lake.

Nilikuwa na hasira. Nikaandika.

Sitawatajia majina hayo sasa. Yatajitaja yenyewe.

Leo saa mbili asubuhi nikafika kliniki. Faith wa mapokezi alikuwa tayari kwenye meza yake, na vikaratasi vya manjano vimebandikwa kila mahali mbele yake.

"Sasa Mwende! Leo tunazika hivi vikaratasi ama?"

"Leo tunavizika, tena bila matanga."

Niwaeleze vikaratasi hivyo ni vya nini. Kompyuta, printa au televisheni ikiwashwa, huomba nambari ya kupatikana nayo kwenye mtandao. Anayegawa nambari ni seva ya DHCP. Lakini nani atakumbuka nambari? Ndiyo maana kuna seva nyingine, ya DNS, inayotunza majina. Ukiiuliza printa ya maabara iko wapi, inakupa nambari. Sasa pale kliniki seva hizo mbili zilikuwa hazisemezani. Stima ikipotea na kurudi, nambari zinagawanywa upya, lakini orodha ya majina inabaki na nambari za jana. Kwa hivyo kila stima iliporudi, Faith alizunguka chumba hadi chumba, kalamu mkononi, akinakili nambari mpya kwenye vikaratasi. Wagonjwa wanangoja. Watoto wanalia. Faith anaandika nambari.

Kazi yangu ilikuwa kuzipatanisha. DHCP ikigawa nambari, yenyewe ipeleke habari kwa DNS: fulani sasa yuko hapa, andika. Basi. Mtu asiguse kitu.

Sista Monika, muuguzi mkuu, akapita na faili kwapani. Sista ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapima.

"Mwende, kamati iliniambia nitafute kampuni ya mjini. Mimi nikasema tuna mtu wetu. Leo ikienda vizuri, kliniki ya Ziwani nayo ni yako."

"Itaenda vizuri, Sista."

Kumbukeni hilo jibu.

Nilifanya kazi vizuri, haki ya nani, nimekaa stoo mbele ya seva yenyewe. Kufikia saa nne kompyuta ya daktari ilikuwa imejiandikisha yenyewe. Ya duka la dawa, sawa. Televisheni, sawa. Kompyuta ya foleni, sawa. Ikabaki printa ya maabara, nayo ikakataa.

Nikasoma kumbukumbu za seva. Kumbe printa ya zamani ilikufa mwaka jana, ikaletwa nyingine ikapewa jina la marehemu. DNS ilikuwa inasema: jina hili lina mwenyewe, na wewe si yeye. Ilikuwa inafanya kazi yake. Ilichohitaji ni mimi niingie, nifute jina la printa iliyokufa, basi. Dakika tatu.

Lakini kulikuwa na njia ya sekunde kumi. Kuna mahali kwenye mipangilio ya DHCP ambapo unaweza kuiambia iache kuuliza maswali. Yeyote akija na jina, aandikwe, hata kama jina lina mtu tayari. Mwandike juu yake.

Nikazima maswali. Printa ikaandikwa papo hapo. Nikajipiga kofi la pongezi begani. (Mwenyewe. Hakuna aliyekuwa ananiangalia, bado.)

Nimekaa nikiwaza hapo tangu mchana. Kitu kimoja tu pale kliniki kilikuwa kinauliza "wewe ni nani kweli?" na mimi nikakinyamazisha kwa sababu kilinichelewesha.

Saa tano Sista akaja kukagua. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wamesimama ukutani. Nikamwonyesha kila kitu. Faith akang'oa kikaratasi cha kwanza, akakikunja, akakitupa kwenye pipa, wamama waliokuwa karibu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

"Nichapishie ripoti niweke kwenye faili ya kamati," Sista akasema.

Ripoti ilikuwa kwenye laptop yangu. Nikachukua waya, nikaichomeka laptop kwenye mtandao wa kliniki.

Fikirieni kilichotokea kwenye huo waya. Laptop ikaomba nambari. DHCP ikauliza jina. Laptop ikasema, kwa adabu zote, "Foleni." DHCP haikuuliza zaidi, kwa sababu nilishaikataza. Ikampelekea DNS habari: foleni amehama, sasa yuko hapa. DNS ikafuta ya zamani ikaandika mpya. Tangu hapo televisheni, spika na kitufe cha Faith, vinavyoitafuta foleni kwa jina, vilikuwa vinaongea na laptop yangu.

Mimi wakati huo nilikuwa nachagua ukubwa wa karatasi.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akaingia mama mkwe.

Hakuniambia anakuja. Alikuwa na wamama wawili wa jumuiya yake, wote wamevaa vitambaa vya kichwa kama wanaenda harusini, naye alikuwa mbele akiwaonyesha kwa mkono. Nikamsikia kabla hajaniona.

"Ni yule pale na laptop. Ndiye bibi ya mwanangu Karanja. Hii mitambo yote mnayoona, ameifunga yeye. Wanaume walishindwa."

(Hakuna mwanaume aliyeshindwa. Hakuna aliyejaribu. Lakini sikumsahihisha.)

Moyo wangu ulilainika, jamani. Miaka tisa sijasikia sifa kutoka kwenye hicho kinywa, kumbe anazitoa, ila mimi nisipokuwepo. Walipata nafasi kwenye benchi la mbele, chini ya televisheni, wakakaa wakiitazama kama wageni wa heshima.

Faith akabonyeza kitufe cha mgonjwa anayefuata.

Spika ya kliniki ina sauti ya mwanamke mpole asiye na haraka. Kwa kawaida inataja jina na chumba tu. Matatizo ya watu ni siri, na hilo la kuyatangaza nimelizima kwenye kompyuta ya kliniki. Kwenye laptop yangu nilikuwa nimeliwasha, Jumapili, nisikie sauti inavyosoma maneno marefu.

"Nambari moja," sauti ikasema. "Baba Ciru. Tatizo: kukoroma kama posho mill inayosaga mahindi. Tafadhali nenda chumba cha tatu."

Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni akacheka, akafikiri ni yeye tu aliyesikia.

Mimi nilisikia nikafikiri nimeota. Nikainua macho kwenye televisheni. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa pale, herufi kubwa nyeupe, kwa rangi za kliniki.

Faith akabonyeza tena. Sikumlaumu. Alidhani ni hitilafu na itapita.

"Nambari mbili. Mwenye Nyumba. Tatizo: hasikii kuhusu maji. Tafadhali nenda chumba cha tatu."

"Huyo hata mimi namjua!" akasema mzee wa bandeji. Sasa kicheko kikashika ukumbi mzima.

"Faith, acha kubonyeza!" nikaita.

"Ati?" Kicheko kilikuwa kingi. Akabonyeza.

"Nambari tatu. Jirani wa Juu. Tatizo: anavaa viatu kulala."

Nilijua nambari nne ni nani. Kulikuwa na mita tano kutoka kwangu hadi meza ya Faith. Nikaruka mkoba wa mtu, nikakanyaga mguu wa mtu mwingine, nikanyoosha mkono. Kidole cha Faith kilikuwa kimeshashuka.

"Nambari nne," ikasema ile sauti, polepole, kwa upole, kama mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. "Mama Mkwe, Mama Karanja. Tatizo: ulimi mrefu. Tafadhali nenda chumba cha tatu."

Ngai wangu, Mungu wangu.

Wale wamama wawili hawakumtazama mama mkwe. Walinitazama mimi. Kisha wakatazama sakafu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikarudi mbio nikachomoa waya wa laptop. Hiyo nilidhani ni akili. Lakini jina lilikuwa limeshaandikwa. Televisheni iliendelea kuitafuta foleni pale pale laptop ilipokuwa, haikupata kitu, na kwa kukosa cha kuonyesha ikabaki na cha mwisho ilichokuwa nacho. MAMA MKWE, MAMA KARANJA. ULIMI MREFU. Yakaganda hapo.

"Izimeni!" Sista akasema.

Televisheni iko ndani ya kizimba cha chuma, juu ukutani, kwa ajili ya wezi. Ufunguo anao askari wa lango. Askari wa lango alikuwa ameenda kunywa chai.

Basi tukakaa na hayo maandishi. Sijui kwa muda gani. Mtoto wa darasa la pili au la tatu akaanza kuyasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mama yake akamziba mdomo.

Ndipo mama mkwe akasimama. Mama huyu ni mfupi, lakini akisimama watu hujua. Akarekebisha kitambaa chake. Akageuka akautazama ukumbi wote.

"Ni mimi," akasema. "Nimeitwa. Chumba cha tatu ni wapi?"

Mzee wa bandeji akanyoosha kidole kwenye korido. Mama mkwe akashukuru, akaanza kutembea, mgongo wima, mkoba mkononi, kama mtu mwenye miadi.

Mimi nilikuwa na machozi machoni. Nikajiambia lazima niyatoe hayo maandishi, na njia ya haraka kuliko kukimbilia stoo ni kurudisha waya niingie kwenye seva kutoka hapo. Sikuwaza kwamba programu yangu bado inaendeshwa. Nikachomeka. Na Faith maskini, kwa dakika hizo zote, alikuwa akikibonyeza kile kitufe kujaribu kuyaondoa yale maandishi, na kompyuta yake ilikuwa imeyahifadhi maombi yake.

"Nambari tano," ikasema sauti.

Nilikuwa nimeisahau nambari tano. Jumapili nilipofika hapo nilikuwa nimemaliza watu wa kuwakasirikia.

"Mwende. Tatizo: anajifanya anajua. Tafadhali nenda chumba cha tatu."

Hapo ukumbi ulivunjika. Watu walishika mbavu. Faith alijificha chini ya meza. Sista Monika aligeuka akaangalia ukuta na mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na sikujua kama ni hasira.

Mama mkwe alikuwa amefika mlango wa chumba cha tatu. Akageuka akanitazama kwa mbali.

"Si umeitwa?" akasema. "Njoo basi. Tuingie pamoja."

Nikaenda. Ningefanya nini?

Ndani kulikuwa na daktari kijana anayekula ndizi. Akatuuliza nani mgonjwa. Tukasema sote wawili. Akampima mama mkwe presha, ikawa sawa. Akanipima mimi, akaipima tena, akasema nikae kwanza.

Daktari alipotoka kumwita Sista, tukabaki wawili kwenye vile viti vya plastiki.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Ilikuwa ni majaribio tu. Nilikuwa na hasira za Jumapili."

Alikuwa anakunjua mkono wa sweta uliokunjwa kwa ajili ya presha.

"Chapati zilikuwa ngumu kweli," akasema.

"Zilikuwa ngumu," nikakubali.

"Lakini ilinipasa nikuambie jikoni. Si mbele ya watu." Akanigeukia. "Na wewe, hili la ulimi, miaka yote hii umeliweka wapi? Unaiambia mashine, mimi nipo?"

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini?"

"Jibu."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na alilisema akiangalia chati ya chanjo ukutani.

"Tangu Baba Karanja afariki, mimi naweza kukaa kutoka Jumatatu hadi Jumamosi sijaongea na mtu isipokuwa redio. Redio haijibu. Nikifika kwenu Jumapili, yote yanatoka siku moja. Najisikia ninavyoongea. Najua nimepitiliza. Lakini nikianza siwezi kusimama, kwa sababu nikisimama itabidi nirudi nyumbani."

Mimi nalipwa kuhakikisha vitu vinasikilizana. Miaka tisa nimemhesabia mama huyu makosa ya maneno, na sikuwahi kujiuliza kwa nini maneno ni mengi.

Nilimshika mkono. Tulikaa hivyo hadi daktari akarudi akatukuta, akajifanya anatafuta stetoskopu.

Kazi niliimaliza, msiwe na wasiwasi. Nilifunga programu ya laptop. Nikaibadilisha jina. Nikafuta lile jina lililoandikwa vibaya, nikaiwasha upya kompyuta ya foleni ikajiandikisha kwa haki yake. Nikafuta mabaki ya ile printa marehemu kwa mkono, kama nilivyopaswa kufanya asubuhi. Dakika tatu kweli. Kisha nikairudishia seva maswali yake. Nikajaribu kuingiza kifaa kingine kwa jina la foleni, ikakikataa, nikaiambia asante kwa sauti. Faith alinisikia.

Sista aliniita ofisini. Nikaingia nimeinamisha kichwa, tayari kuambiwa habari za kampuni ya mjini.

"Ungeweka majina ya wagonjwa wa kweli na magonjwa yao," akasema, "ningekufukuza leo hii, na kamati ningeiambia mimi mwenyewe."

"Najua, Sista. Ningeondoka kabla hujanifukuza."

"Andika kwenye ripoti ulichofanya. Chote. Hata uvivu." Akafungua faili. "Ziwani tutaanza wiki ijayo. Na ukijaribu kitu tena, tumia majina ya watakatifu."

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Mama mkwe yupo hapa kwangu, na leo si Jumapili. Tulirudi pamoja, akaniambia nimwonyeshe unga ninaokanda, akaniambia nakosea wapi, jikoni, mlango umefungwa. Nami nikamwambia kuhusu maneno ya mbele ya mawifi. Akasema amesikia. Anaongea tangu tufike. Nimegundua nusu ya hadithi zake ni nzuri, sema sikuwahi kukaa hadi mwisho.

Ameniuliza naandika nini kwenye simu muda wote huu. Nimempa asome. Amevaa miwani, amesoma yote hadi hapa, neno kwa neno, na amesema kuna sehemu mbili nimedanganya na moja nimemtukana.

Amenikataza kufuta kitu. Anataka tu niongeze kwamba pale ukumbini alitembea kwa madaha. Haya, nimeongeza. Tafadhali msicheke kwenye maoni hapo chini, kwa sababu ameniambia atayasoma yote, na atawajibu.